Juu ya Maswali Kumi ya Pombe

Wengi wenu mmekwisha kuulizwa, hospitalini au barazani kwenu, maswali ya namna hii: Wanywa pombe mara ngapi? Siku unywapo, wanywa kiasi gani? Muulizaji ana karatasi mkononi. Akisikia jibu atia alama, kisha ajumlisha, na hesabu ile yaenda zake mjini. Huko wakubwa huisoma, wakasema kwamba katika wilaya fulani wanywaji ni wangapi, na wanaodhurika ni wangapi. Na kwa hesabu hiyo hukata shauri wapi wapeleke dawa, wauguzi na mafundisho.

Karatasi yenyewe ni fupi, hata mtoto wa darasa la nne aweza kuisoma. Lakini andiko fupi laweza kuwa na makosa kama lililo refu, nasi walimu kazi yetu ni kusahihisha. Basi leo twataka kuisahihisha karatasi hii kwa haki, tuseme uzuri wake na upungufu wake. Na mwisho itatupasa kujisahihisha wenyewe, kwa maana siku moja tuliichukua mikononi mwetu tukaitumia vibaya, na kosa letu nusura limwue mtu.

Kwanza tueleze asili yake. Maswali haya yaitwa AUDIT, nayo yalitungwa na wataalamu kwa agizo la Shirika la Afya Duniani. Kitabu cha kuyaeleza kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1989, na habari za kujaribiwa kwake zilichapishwa mwaka 1993. Waliojaribiwa walikuwa watu 1,888 waliofika kutibiwa katika nchi sita, nazo ni Australia, Bulgaria, Kenya, Meksiko, Norwei na Marekani. Angalieni, Kenya imo. Basi mtu asiseme kwamba tumeletewa nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mwili wa mgeni. Jirani zetu walikuwapo tangu siku ya kukata kitambaa.

Maswali ni kumi. Matatu ya kwanza yauliza habari za kiasi: mtu hunywa mara ngapi, siku anywapo hunywa vinywaji vingapi, na ni mara ngapi hufikisha sita au zaidi kwa kikao kimoja. Matatu ya pili yauliza kama pombe imemtawala: je, akianza hawezi kuacha? Je, imempata kushindwa kutenda yaliyompasa? Je, huhitaji kuinywa asubuhi ili apate nguvu ya kuondoka? Manne ya mwisho yauliza habari za majuto, za kusahau mambo ya usiku uliopita, za mtu kuumizwa kwa sababu ya kunywa kwake, na kama ndugu, rafiki au daktari amepata kumwonya. Kila jibu lina alama, tangu 0 hata 4, na jumla yake haipiti 40. Mwenye 8 au zaidi huhesabiwa kuwa yumo hatarini. Katika jaribio lile la kwanza, kati ya watu 100 walioonekana kunywa kwa hatari au madhara, 92 walipata 8 au zaidi. Na kati ya 100 wasiokuwa hivyo, 94 walipata chini ya 8.

Twaisifu kazi hii kwa neno moja kubwa. Haimwulizi mtu, "Je, wewe ni mlevi?" Swali hilo halina faida, maana hakuna ajibuye ndiyo. Yauliza matendo. Ndivyo afanyavyo mwalimu mwema, hamwulizi mtoto, "Je, wewe ni mvivu?" bali humwuliza, "Jana ulifanya hesabu ngapi?" Tena yauliza kwa utaratibu, yakianza na mepesi na kwenda kwenye mazito, asije mtu akafunga kinywa tangu swali la kwanza.

Walakini tukumbuke jambo moja kabla ya kuzistaajabia hesabu zile za 92 na 94. Ile hukumu ya kusema huyu adhurika na huyu hadhuriki, nayo kwa sehemu ilitegemea habari alizozitoa mtu mwenyewe juu ya kunywa kwake. Ni kama kulinganisha daftari mbili zilizoandikwa kwa kusikiliza kinywa kimoja. Zikipatana, twajua kwamba kinywa kile hakikujipinga. Hatujui bado kama kilisema kweli yote.

Sasa tuje kwenye upungufu. Wa kwanza ni wa chombo.

Swali la pili lauliza vinywaji vingapi. Lakini kinywaji kimoja ni nini? Katika kitabu cha maswali, kinywaji ni kipimo chenye gramu 10 za kileo safi. Uingereza wao huhesabu gramu 8, na Marekani gramu 14; hata hao ambao chupa zao zimeandikwa nguvu zake hawakupatana. Tufanye hesabu, kama tufanyavyo ubaoni. Chupa ya bia ya nusu lita, yenye kileo sehemu 5 kwa mia, ina mililita 25 za kileo, na uzito wake ni karibu gramu 20. Basi chupa moja ni vipimo viwili. Mtu anywaye chupa tatu kila Jumamosi akiulizwa, "Vinywaji vingapi?" atajibu, "Vitatu," naye asema kweli, akipewa alama 1. Lakini amekunywa vipimo sita, na ilimpasa apate 2. Akiulizwa tena kama hupata kufikisha sita kwa kikao kimoja, atajibu, "Hata siku moja!" naye hujui kwamba hufikisha sita kila Jumamosi. Mtu huyu hakudanganya. Ni kipimo kilichomdanganya yeye na muulizaji pamoja.

Kama ndivyo kwa chupa, itakuwaje kwa pombe zetu? Sisi tukaao mlimani twaijua mbege, ya ndizi na ulezi. Hunywewa katika kata, na kata hazilingani. Iko ya kumpa mgeni na iko ya kumpa mzee. Tena kata haikai mkononi mwa mtu mmoja. Baba hunywa mafunda mawili akampa shemeji yake, shemeji akampa jirani, kata ikajazwa kabla haijaisha, ikarudi. Mwulize baba huyo, "Umekunywa kata ngapi?" Hata akiapa hawezi kujua. Ndivyo ilivyo huko Kenya ya magharibi kwa wanywao busaa chungu kimoja, kila mtu na mrija wake.

Wataalamu waliofanya kazi Eldoret waliliona jambo hili wakalifuata kwa bidii. Walipima nguvu za pombe zenyewe, wakatoa habari mwaka 2010. Waliona kwamba busaa ina kileo kama sehemu 4 kwa mia, na chang'aa kama 34. Turudi ubaoni. Watu wawili wanywa bilauri moja moja ya robo lita, huyu ya busaa, na huyu ya chang'aa. Wa kwanza amepata kileo gramu 8, yaani hakufikisha hata kipimo kimoja. Wa pili amepata gramu 68, yaani karibu vipimo saba. Wote wawili wakiulizwa watajibu, "Moja," na wote wawili watapewa alama 0 katika swali la pili. Wataalamu wale waliona pia kwamba, mahali ambapo watu hunywa chungu kimoja, ni afadhali kumwuliza mtu alitoa fedha ngapi kuliko kumwuliza alikunywa kiasi gani. Kwa maana mtu huweza kusahau mafunda, asisahau shilingi zilizotoka mfukoni mwake.

Haki yataka tuseme kwamba waliotunga maswali hawakulisahau jambo la vyombo. Kitabu chao chaagiza muulizaji aeleze maana ya kinywaji kwa mifano ya pombe za mahali pale. Upungufu huu basi ni wetu sisi tuyachukuao, tunapogeuza maneno kuwa Kiswahili tukaacha vyombo katika lugha ya kigeni. Katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, maswali haya yalitafsiriwa kwa uangalifu yakajaribiwa kwa wagonjwa waliojeruhiwa. Kazi hiyo ni njema. Lakini tafsiri njema mkononi mwa muulizaji asiyejua ukubwa wa kata ni kama mizani nzuri mkononi mwa muuza duka asiye na mawe ya kupimia.

Upungufu wa pili ni wa siku. Swali lasema "siku ya kawaida unywapo." Huko mjini, kwa mtu wa mshahara, labda siku zake zafanana. Kijijini siku hazifanani. Iko siku ya soko, iko siku ya arusi, iko siku ya matanga, uko wakati wa mavuno ambapo fedha zipo na ndizi zimejaa, na uko wakati wa njaa ambapo hata ulezi wa uji hauonekani. Mtu akiulizwa siku ya kawaida hutafuta moyoni siku iliyo njema kuliko zote, akaitoa hiyo. Yuko mtaalamu mmoja, Linda Sobell, na mwenzake Mark Sobell, ambao waliifanya njia nyingine. Humwekea mtu kalenda mbele yake, wakarudi naye nyuma siku kwa siku, wakiziweka kwanza zile zinazojulikana, kama sikukuu na arusi, kisha wakaziuliza zilizo katikati. Njia hii yachukua muda mrefu, lakini sisi twaona yawafaa sana watu wetu. Mzee asiyejua tarehe aijua siku aliyobatizwa mjukuu wake, na ajua jioni ile alirudi nyumbani kwa miguu ya namna gani.

Upungufu wa tatu ni wa sikio, nao ndio ulio mzito kuliko yote. Hapa ndipo tunapojisahihisha.

Miaka michache iliyopita walikuja kijijini kwetu watu wa afya, wakataka walimu wa kuwasaidia kuuliza nyumba kwa nyumba. Tulichaguliwa, tukafurahi, maana tuliona ni heshima. Tulikwenda na kalamu, tukaketi barazani, mke wa mtu akimenya ndizi karibu, watoto wakisikiliza, mkwe akipita njiani. Tukauliza kwa sauti ya darasani. Jioni tulizihesabu karatasi tukaona kijiji chetu ni kijiji cha watu watakatifu. Wasiokunywa walikuwa wengi. Waliokunywa walikunywa kidogo, tena zamani, tena katika arusi ya mtu mwingine. Na wakati tulipokuwa tukihesabu, sauti za nyimbo zilitufikia kutoka kilabuni karibu na soko, ambako mapipa ya mbege yalikuwa yakiisha. Nani aliyekuwa akiyanywa? Hatukujiuliza. Tulizifunga karatasi tukazipeleka.

Katika hao walioulizwa alikuwamo jirani yetu mmoja, baba wa watoto watano, fundi seremala. Alitujibu, "Sinywi, Mwalimu. Niliacha zamani." Tukaandika 0. Baada ya miezi kadhaa akashikwa na homa, akalala. Siku ya tatu mikono yake ilitetemeka, akaanza kuona wadudu ukutani wasiokuwapo, kisha akashikwa na kifafa ambacho hakupata kuwa nacho tangu kuzaliwa. Tulimchukua hospitalini sisi na ndugu zake. Daktari akauliza, "Je, huyu hunywa pombe?" Kabla mkewe hajafungua kinywa tulijibu sisi, kwa kuwa tulijiona tuna ujuzi, "Hapana, Bwana Daktari. Tulimwuliza wenyewe, tukaandika." Basi wakaitafuta malaria ya kichwani, na saa zikapita.

Usiku mama yule alimfuata muuguzi nje, akamwambia kwa kunong'ona kwamba mumewe hunywa kila jioni, na amekunywa hivyo kwa miaka, na tangu homa ilipomlaza hakupata hata tone. Ndipo ugonjwa ulipojulikana. Muuguzi alitueleza kwamba mwili uliozoea kileo kingi kila siku, ukinyimwa ghafula, waweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na kushikwa na kifafa, na wengine hufa. Wakampa dawa iliyofaa, akapona.

Alipopata nguvu tulimwendea, tukamwuliza kwa nini alitudanganya. Akatutazama, akasema, "Mwalimu, wewe ndiwe usomaye majina ya waliozuiliwa Meza ya Bwana. Ulipoketi barazani kwangu, ningejuaje ni yupi aniulizaye, mwenye karatasi au mwenye majina?"

Neno hili hatukuweza kulijibu, na hata leo hatuna jibu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tumejifunza kwamba na mnywaji akiogopa, jibu lake hulitia maji. Tena maji hayo hayaongezwi sawasawa. Mwenye hofu nyingi huongeza mengi. Naye aliye na hofu nyingi mara nyingi ndiye anywaye sana. Kwa hiyo karatasi yaweza kumpima barabara yule asiye na haja ya msaada, ikampita yule iliyemtafuta.

Msomaji asidhani kwamba aibu hii ni ya vijiji vyetu tu. Katika nchi za Ulaya na Marekani, serikali hutoza ushuru kila chupa, kwa hiyo hujua pombe iliyouzwa kwa mwaka ni kiasi gani. Wataalamu walipojumlisha majibu ya watu wakayalinganisha na mauzo, mara nyingi waliona majibu hayafikishi hata sehemu sita katika kumi za pombe iliyouzwa. Mahali pengine ni sehemu nne tu. Na mwaka 1973, katika mji wa Tucson, Arizona, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye William Rathje alianza kazi ya ajabu: yeye na wanafunzi wake walichambua takataka za nyumba. Walipolinganisha makopo ya bia yaliyotupwa na majibu waliyoyatoa watu wa mtaa ule mlangoni, takataka zilikuwa na bia nyingi kuliko majibu. Hao ni watu wa mji mkubwa, wasioogopa kusomwa majina kanisani, nao pia walilitia maji.

Karibu nasi, huko Mbarara katika Uganda, wataalamu waliwauliza watu wenye virusi vya UKIMWI kama hunywa, kisha wakapima damu yao kwa kipimo kionyeshacho kileo kilichonywewa majuma machache yaliyopita. Baadhi ya waliosema hawakunywa, damu ilisema walikunywa. Twaelewa sababu. Mgonjwa huogopa kwamba akikiri atakemewa, au atanyimwa dawa. Jibu lake si la uongo tu, ni la kujilinda.

Kwa kusikia haya wako watakaosema, "Basi tuache kuuliza, tupime damu ya kila mtu, yaishe." Shauri hili hatulikubali. Damu yasema kwamba mtu alikunywa. Haisemi kwamba alishindwa kwenda shambani, wala kwamba mtoto aliumizwa usiku ule, wala kwamba mama yake alimsihi aache. Swali la tano, la tisa na la kumi hayana jibu katika chupa ya maabara. Tena kipimo kile kina gharama, na zahanati zetu nyingi hazina hata dawa za kutosha. Zaidi ya hayo, mtu aliyepimwa pasipo kuulizwa hufanywa kama mshitakiwa. Na aliyeulizwa vizuri huweza, kwa kule kujibu tu, kuanza kuyaona maisha yake. Basi kuulizwa kubaki. Tunachotaka ni kwamba jibu la kinywa lisiwe daftari pekee.

Na daftari ya pili tunayo, ingawa hatukuiona. Baada ya mambo ya yule seremala, mama mmoja apikaye mbege alitucheka akasema, "Mwalimu, mlizunguka kijiji kizima siku tatu, na mimi hamkuniuliza." Akatuonyesha ukuta wa nyuma wa kibanda chake. Palikuwa na alama za mkaa, mistari mirefu na mifupi, kila mstari ni deni. Mama yule hakusoma hata darasa la pili, lakini ajua kwa hakika hupika madebe mangapi kwa juma, hubaki kiasi gani, na siku zipi huisha upesi. Hatukumtaka atuambie mistari ile ni ya nani, wala mtu asimtake. Ukuta ule ukigeuzwa kuwa orodha ya mashitaka utapakwa chokaa siku ile ile. Lakini akiulizwa madebe tu, pasipo majina, yeye na wenzake waweza kutupa jumla ya pombe inywewayo kijijini, tukailinganisha na jumla ya majibu. Ambako serikali haitozi ushuru, mpika pombe ndiye forodha.

Basi hukumu yetu juu ya maswali kumi ni hii. Ni maswali mema, yametungwa kwa akili, na hatujui mengine mafupi yaliyo bora kuliko hayo. Lakini alama yake si uzito wa mtu. Ni jibu alilompa mtu fulani, mahali fulani, juu ya chombo fulani. Asiyeandika mambo hayo matatu pembeni mwa alama hajapima kitu.

Kwa hao watakaokuja kuuliza twawaomba haya. Leteni kata, kopo na bilauri za mahali penyewe, mzipime kwa maji kwanza, ndipo mwulize. Na ambako watu hushiriki chungu kimoja, ulizeni fedha. Ulizeni siku zilizopita kwa majina yake, soko, arusi na matanga, wala msiulize siku ya kawaida isiyokuwapo. Mwulizeni mtu peke yake, mbali na mkewe na mkwewe, na mwambieni kweli jibu lake litakwenda wapi na halitakwenda wapi. Waulizeni wapika pombe madebe. Na muulizaji awe mgeni, ambaye mtu hatakutana naye Jumapili.

Kwa walimu wenzetu na wazee wa makanisa twasema jambo moja zaidi. Hatuandiki ili kulegeza maonyo ya kanisa juu ya ulevi. Tumeona nyumba zilizobomoka kwa pombe, na watoto waliokosa ada kwa sababu yake. Lakini mtu mmoja asishike kalamu ya daktari na orodha ya kanisa kwa mkono ule ule. Maandiko yatukataza mizani ya uongo. Sisi tulidhani neno hilo ni la wenye maduka. Kumbe na sisi tulikuwa na mizani, tukaibonyeza kwa uzito wa heshima yetu.

Na wewe, msomaji, utakapolala kitandani hospitalini na daktari akakuuliza, mwambie kweli. Akiuliza mbele ya watu, mwombe mwondoke kando. Mficha maradhi kifo humuumbua. Daktari hakuulizi ili ajue kama u mwema. Auliza ili ajue ni dawa ipi itakayokuponya na ni ipi itakayokudhuru.

Mwaka uliopita waulizaji walikuja tena kijijini kwetu. Tuliwaomba watuweke katika mtaa wa mbali, ambako hatujulikani, na mwalimu wa huko aje kwetu. Jioni tulikutana naye njiani, karatasi kwapani. Hatukumwuliza kitu, naye hakutuambia. Lakini tuliona karatasi zake zimeandikwa wino mwingi kuliko zile tulizoziandika sisi mara ya kwanza, tukashukuru.